Haloalkani: anza na bondi, mimenyuko itafuata

Wanafunzi wengi wa kidato cha tano ninaowafundisha hapa Mbeya wakifika kwenye haloalkani (misombo ya kaboni na hidrojeni ambamo halojeni kama klorini, bromini au iodini imechukua nafasi ya hidrojeni) huanza kumeza mimenyuko yote kama ilivyo kwenye daftari. Ndugu zangu wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), wekeni daftari pembeni kwanza. Tazameni bondi kati ya kaboni na halojeni.

Kati ya klorobutani, bromobutani na iodobutani, ipi huachia halojeni yake upesi? Karibu darasa zima hunijibu ya klorini, kwa kuwa bondi yake ina tofauti kubwa zaidi ya chaji. Basi tunajaribu. Matone machache ya kila moja tunayatia kwenye ethanoli, maana yenyewe hayachanganyiki na maji, kisha nitrati ya fedha, halafu neli zote ndani ya maji ya moto. Mashapo ya njano ya iodidi hutangulia, ya bromidi yenye rangi ya krimu hufuata, na meupe ya kloridi hujikongoja nyuma. Kinachoamua ni uimara wa bondi: C–Cl takriban kilojuli 340 kwa moli, C–Br 280, C–I 240. Hapo utaelewa pia kwa nini C–F, inayozidi 450, ni ngumu mno kuvunja.

Kisha angalia kiyeyushi. 2-bromopropani na hidroksidi ya potasiamu ndani ya maji hutoa hasa propani-2-oli. Ichemshe na hidroksidi hiyohiyo ndani ya ethanoli, utapata hasa propeni, kwa sababu sasa hidroksidi inanyakua hidrojeni ya kaboni jirani. Kwenye mtihani, kiyeyushi ndicho swali lenyewe.

Mkitengeneza bromoethani kwa ethanoli, bromidi ya potasiamu na asidi ya salfuriki iliyokolea, chombo cha kupokelea kikae kwenye maji ya barafu. Huchemka kwenye nyuzi 38 tu, na huku kwetu milimani hata chini ya hapo. Wakati wa kutenganisha, tabaka la chini ndilo mnalolitaka. Nimeona wengi wakilimwaga! Mkitumia iodidi ya potasiamu kutengeneza iodoethani, wekeni asidi ya fosforiki, maana ya salfuriki huigeuza iodidi kuwa iodini.

Na mwezi Juni, baridi ikibana, msifunge madirisha ya maabara. Klorofomu, ambayo nayo ni haloalkani, ikipata mwanga na hewa hutoa fosijini, gesi yenye sumu kali; ndiyo sababu chupa yake ni ya kahawia na hutiwa ethanoli kidogo. Chupa iliyofunguliwa zamani msiinuse, mwiteni mtunza maabara.