SWALI: Nimeokoka, ila darasa la watukutu linanitoa kwenye wokovu. Nishike fimbo au nishike msamaha?

SWALI:
Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, huu mwaka wa sita kazini. Tangu Januari nimepewa mkondo wa kidato cha pili ambao walimu wenzangu wanauita "gereza", ndo wamerundikwa watoro, wavuta bangi, waliorudia darasa na wawili waliowahi kulala mtaani. Nikiwa mpole wananiona mlokole wa kuchezewa, nikichapa nikifika nyumbani naomba toba. Wiki iliyopita kijana mmoja kaniibia simu, nikamsamehe mbele ya darasa zima, kesho yake akanitukana mbele ya darasa hilohilo. Wenzangu wanasema ana pepo nimpeleke kanisani. Biblia inasema fimbo, Yesu anasema saba mara sabini, nishike lipi? Na je niwahubirie, maana karibu nusu ni Waislamu? Alafu kuna binti kaniambia siri kuhusu baba yake wa kambo, kaniapisha nisimwambie mtu. Nimechoka mtumishi.

JIBU:
Amina mwalimu wangu, asifiwe sana. Umeuliza maswali kama matano kwa mpigo na hilo la mwisho umelirusha kama nyongeza tu, ila mimi naanza na hilo, maana hayo mengine yanaweza kusubiri mpaka shule ifunguliwe Jumatatu, hilo haliwezi.

Huyo binti kakupa mzigo umsaidie kuubeba, na kati ya walimu wote wa hiyo shule kakuchagua wewe. Najua unaogopa kuvunja neno lako, sisi watu wa kanisani tunafundishwa hivyo tangu Sunday school, lakini kumbuka Herode naye alikuwa na kiapo chake, na kwa ajili ya kile kiapo Yohana Mbatizaji akakatwa kichwa (Marko 6:26). Yaani kuna ahadi ambayo kuishika ndo dhambi yenyewe. Mwambie yeye kwanza ukiweza kumpata, kabla hujaenda popote: mwanangu nilikosea kukuahidi vile, hili peke yangu siliwezi, ila sitakuacha. Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au piga 116, haikatwi hela. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 95 inasema ni wajibu wa yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa serikali ya mtaa wa eneo lake, kwa hiyo hapa hata usiombe ishara. Na nakusihi usilipeleke kwa wazee wa ukoo wala kwa mchungaji "wakae wayamalize", hata kama mchungaji mwenyewe ni mimi. Nimeshakaa vikao vya namna hiyo enzi za ujinga wangu, mtoto anaombwa asamehe, watu wanashikana mikono, tunafunga kwa sala, na usiku mtoto anarudishwa kulala nyumba ileile. Hicho kitu kinanisumbua mpaka leo.

Haya, tuje kwenye fimbo.

Mstari unaokaririwa na stafu nzima ni Mithali 13:24, "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe; bali yeye ampendaye humrudi mapema." Watu wanasoma nusu ya kwanza wanafunga Biblia wanatafuta fimbo, na utamu wote uko nusu ya pili. Kile kitenzi cha Kiebrania pale kina maana ya kumtafuta mtu kwa bidii, kama mtu anayedamka alfajiri kwenda kutafuta, na baba anakwenda kumtafuta mwanawe akiwa na musar, yaani mafunzo, maonyo, malezi. Waliotafsiri wakaandika "humrudi", na sijui kama walikusudia ila Kiswahili kimetubeba hapo, kwa sababu kumrudi mtoto ni kumwonya, na kumrudia ni kumwendea tena. Mimi nikilisoma nayasikia yote mawili. Kwenye hilo darasa lako kazi yako ya imani naiona hapo tu: unamrudi leo, kesho unamrudia, keshokutwa unamrudia tena, na yeye anajua kabisa kwamba utarudi. Wengi wa hao watoto kila mtu mzima aliyewagombeza aliishia kuondoka.

Na hilo neno fimbo la Mithali, shevet, ndo lilelile la Zaburi 23, "Gongo lako na fimbo yako vyanifariji", pale limetafsiriwa gongo. Gongo la mchungaji, la kumtoa fisi na kumwelekeza kondoo njia. Kondoo hawezi kufarijika na kitu ambacho kila akikiona anakimbia.

Sitakudanganya lakini, kuna wahubiri wanaosema Mithali haijawahi kuzungumzia kuchapa, hiyo si kweli, 23:13 inasema waziwazi "ukimpiga kwa fimbo hatakufa". Ila anayeambiwa pale ni baba na mtoto wake, mtoto anayejua leo atakula hapa na usiku atalala hapa. Wewe una watoto sitini wa watu na pengine majina ya nusu yao bado unachanganya. Alafu kuna sheria, na Warumi 13 unaijua, inatutaka tutii mamlaka: kwa Tanzania viboko ni vya mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, havizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Kenya wao walishavipiga marufuku shuleni tangu 2001. Kwa hiyo ukichomoa fimbo saa nne asubuhi kwa sababu mtu kacheka wakati umegeukia ubaoni, hapo huna Mithali wala huna sheria, una hasira tu. Na wewe mwenyewe unajua, ndo maana jioni unatubu. Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto "wasije wakakata tamaa" (Wakolosai 3:21), na mtoto aliyekata tamaa ndo huyo anayekutukana bila kujali utamfanya nini.

Nisijifanye mtakatifu. Kabla ya kwenda chuo cha theolojia nilikuwa nafundisha kipindi cha dini shule moja, kuna kijana alikuwa analala kila nikiingia, siku moja nikamzaba kofi. Baada ya kama wiki tatu ndo nikaambiwa usiku anauza mayai stendi mpaka basi la mwisho. Nikamwomba msamaha mbele ya darasa. Hakunijibu chochote, aliangalia dirishani tu, na mpaka anamaliza shule hakuwahi kunijibu.

Sasa simu. Mimi naona ulipomsamehe mbele ya darasa ndo mambo yalipoharibika. Samahani kama naonekana nakulaumu, nia yako ilikuwa safi, lakini msamaha wa hadharani ni tangazo la hadharani kwamba huyu ni mwizi, na kijana wa miaka 15 akiaibishwa mbele ya wenzake lazima atafute pa kurudishia heshima yake. Kesho yake akaipata. Yesu alisema "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu" (Mathayo 18:15), ule utaratibu hatuufuati kwa sababu faragha haina makofi. Mwite pembeni, pale mnapoonekana ila hamsikiki. Msamehe na deni lijadiliwe. Watu wanadhani msamaha unafuta deni. Paulo alipomwombea mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni hakusema mambo yameisha, alisema kama amekudhulumu "ukiandike hicho juu yangu", yaani kiandikwe, kijulikane, mtu akibebe. Zakayo naye baada ya kupokelewa ndo akatangaza kurudisha mara nne. Kwa hiyo simu irudi, na kama imeshauzwa kaeni yeye, mzazi au mlezi wake na mkuu wa shule mpange atakavyolipa hata kidogokidogo. Kinyongo uwe umeshakiacha kabla ya kikao. Hizo saba mara sabini ni za moyo wako mwalimu, hazimaanishi shule isiwe na utaratibu.

Kuna mtu nataka nikutajie. Mimi ni Mlutheri ila kwenye hili Wakatoliki nawaonea wivu: Yohane Bosco, yule padri wa Turin, Italia, ambaye kazi yake yote ilikuwa na vijana ambao mji ulishawachoka, wengine wametoka jela. Tarehe 8 Desemba 1841 yuko sakristia anajiandaa na misa, kijana mmoja kaingia, yatima, jina lake Bartolomeo Garelli, mtunza sakristia kamtaka atumikie misa, kijana hajui, basi akapigwa na mpini wa kifutio cha vumbi akakimbia. Bosco akamwambia yule mtunza, mrudishe, huyo ni rafiki yangu. Hakuwahi kumuona kabla! Akarudishwa anatetemeka. Bosco akamuuliza unajua kusoma? Hapana. Kuandika? Hapana. Kuimba? Hapana. Kupiga mluzi je? Kijana akacheka. Somo la kwanza la dini likaanzia hapo, kwenye mluzi, na Jumapili iliyofuata kijana akarudi na wenzake. Shirika alilolianzisha lina vyuo vya ufundi mpaka kwetu hapa Dodoma na Iringa. Mwaka 1884, keshazeeka, aliwaandikia watu wake kwamba haitoshi vijana wapendwe, inabidi wao wenyewe wajue kuwa wanapendwa. Hapo kwenye kujua ndo wengi tunafeli, tunawapenda kwenye maombi ya saa tisa usiku wakati mchana hatuwaangalii usoni.

Basi huyo wa simu anajua nini? Usiniambie "hajui kitu". Labda anafungua redio na kuifunga, labda anachana mistari, labda ndo beki wa mtaa. Ukijua hilo utakuwa na cha kumuuliza siku ambayo hajakosea, maana nahisi mpaka sasa mnaongea siku za makosa tu.

Kuhusu pepo, naamini yapo, Marko 5 sijaichana kwenye Biblia yangu. Lakini tuna tabia kila tabia ngumu tunaipa jina la pepo kwa sababu tukishasema ni pepo hatulazimiki kumfuatilia mtoto nyumbani kwao. Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea wala hakumfanyia maombezi ya kufunguliwa, alimwambia "Inuka, ule", akala, akalala, akaamshwa akala tena, mambo ya wito wake yakaja baadaye kabisa. Uliza hao watoto wamekula nini tangu jana. Uliza nani yuko nyumbani. Bangi nayo ukiweza mhusishe mtu wa afya na yule mwalimu wa ushauri nasaha hapo shuleni, mtoto mwombee pia, lakini usimbebe umpeleke ibada ya kufunguliwa bila mzazi kujua, tena labda ni mtoto wa dini nyingine, utawasha moto usioweza kuuzima.

Hilo linanileta kwenye kuhubiri na hapa nitakuwa mfupi. Kwenye kipindi cha hesabu fundisha hesabu. Mshahara wako unatoka kwenye kodi ya baba Yusufu na ya baba Yosefu, na watoto wote wamekuja hapo wakijua wewe ni mwalimu wa wote. Kipindi cha dini kipo, UKWATA na CASFETA, vile vyama vya wanafunzi Wakristo, vipo, huko jimwage. Darasani subiri swali, 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu kila mtu "awaulizaye", na ijibiwe "kwa upole na kwa hofu". Watakuuliza tu. Mtoto ambaye kila siku anategemea utamlipiza na hujamlipiza, siku moja atakuuliza kwa nini. Na yule wa Kiislamu akikwepa kipindi chake cha dini we mkumbushe aende kwa ustadhi wake, hujapungukiwa kitu.

La mwisho, maana umesema umechoka. Inawezekana mwisho wa mwaka wengine hawatabadilika. Yule tajiri wa Marko 10, Yesu "akamkazia macho, akampenda", na bado akaondoka zake kwa huzuni, na Yesu hakumkimbilia kumpunguzia masharti. Wengine wanabadilika kwa mikono ya mtu mwingine kabisa. Yohana Marko aliikimbia safari ya umisionari, Paulo akakataa kata kata kumchukua tena, Barnaba akamng'ang'ania mpaka wakatengana na Paulo kwa ugomvi (Matendo 15:39), na baada ya miaka huyohuyo Paulo akiwa gerezani anaandika "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Barnaba wakati huo hata hatajwi. Sisi tungependa angalau apewe cheti.

Yesu aliwaambia wanafunzi wake waliochoka waende mahali pasipo na watu "mkapumzike kidogo" (Marko 6:31), na wewe Jumamosi hii hayo madaftari yaache yakae hapohapo mezani, mwambie mume au dada yako apike, ulale. Ila la binti usilalie, piga hiyo 116 leo, na Jumatatu asubuhi kabla ya paredi uwe umeshafika kwa afisa ustawi. Ukishatoka huko niandikie, nami nitakuwa nimekuombea wewe na yeye.