Wachunguze kile kiti tulichomnunulia mama

Wiki hii mmeuliza: "Ukipewa nafasi ya kuwaagiza watafiti wa uzee jambo moja tu, ungewaagiza wachunguze nini?" Najua wengi watataka dawa ya kurefusha maisha. Kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake kule San Francisco walieleza jinsi badiliko la jeni moja lilivyomfanya mnyoo mdogo aishi mara mbili ya wenzake. Hongera zake mnyoo. Mimi ningewaagiza waje Rungwe, wachunguze kiti.

Kiti chenyewe ni sofa la mtu mmoja. Tulilinunua Mwanjelwa, mimi na kaka zangu watatu, likafungwa juu ya kosta hadi Tukuyu, na kutoka hapo likaenda kwa bodaboda, safari ambayo ingehitaji barua yake peke yake. Tulimnunulia mama baada ya kuanguka.

Mama hajui mwaka aliozaliwa. Anajua tu kwamba Uhuru ulipokuja alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo tunamkadiria miaka 80 na ushee. Nyumba iko juu ya mteremko, choo kiko chini kwenye migomba, na mvua za kwetu mnazijua. Aliteleza alfajiri akiwa na ndala zake. Hakuvunjika, aliumia nyonga tu. Watoto tukafanya kikao kwenye WhatsApp, na uamuzi haukuchukua hata dakika kumi: jembe lifungiwe stoo, ndoo asiguse, atafutwe binti wa kazi, mama apumzike. Nani angepinga? Ukimwacha mama wa umri ule ashike jembe, utasemwa kuanzia kisimani mpaka kanisani.

Baada ya miezi mitatu hakuweza kuinuka kwenye kile kiti mpaka avutwe mikono yote miwili.

Nikampeleka kituo cha afya. Ukutani palikuwa na lile tangazo, "Mpishe mzee apate huduma kwanza", na kweli tulipishwa. Tukaingia wa kwanza, tukatoka upesi na jibu moja: ni uzee, mama, ukubali. Nami nikakubali. Mama ndiye aliyekataa. Tulipofika nyumbani akaketi, akaniangalia, akasema, "Kwani kabla ya kiti hiki nilikuwa msichana?"

Nilikosa la kumjibu.

Binti yangu anasoma uuguzi. Likizo ilipofika akaenda kwa bibi yake na mashine ya presha ya kuazima. Akampima akiwa amelala, kisha akamsimamisha na kumpima tena baada ya dakika moja, halafu baada ya dakika tatu. Namba ya juu ilishuka zaidi ya 20. Kumbe hata ile alfajiri huenda matope hayakuwa peke yake: mtu anatoka kitandani, presha inaporomoka, kizunguzungu kinamshika akiwa kwenye mteremko. Tuliandika namba zile kwenye daftari tukampelekea daktari mwingine, naye akapanga upya vidonge vyake vya presha. (Msomaji mwenzangu, usije ukamwachisha mzee wako dawa kwa sababu ya barua hii. Utafiti uliotolewa mwaka 2008, wa watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi, ulionyesha kwamba kuwatibu presha hata katika umri huo kulipunguza vifo kwa asilimia 21.)

Habari ya kiti nayo binti yangu ndiye aliyenisomea, na iliniuma kuliko ya presha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani wazee wazima, wasio na ugonjwa, kwa siku 10. Siku 10 tu, na miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Sisi mama tulimketisha miezi mitatu, tena kwa upendo.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 1990, wa Boston. Maria Fiatarone na wenzake walichukua watu 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua vyuma kwa miguu. Kwa wiki nane, wale tisa waliomaliza mazoezi, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha fimbo zao.

Basi agizo langu ni hili. Vyuma vya Boston hapa kwetu hakuna, lakini jembe lipo, ndoo ipo, kigoda cha jikoni kipo. Nataka mtu aje apime: mzee aliyeanguka aachiwe kazi ipi, kiasi gani, aanze lini, na ipi kweli anyang'anywe? Kwenye milima ya Rungwe, Makete na Ludewa, siyo kwenye sakafu ya vigae. Watafiti wa kufanya hivyo wapo. Waliochunguza ugonjwa wa kusahau kule Hai, Kilimanjaro, waliona kipimo cha kalamu na karatasi hakimfai mzee ambaye hakusoma. Wakatoa vijiti vya kiberiti: nipangie kama nilivyopanga mimi. Wakauliza kiongozi wa kijiji ni nani. Hao ndio nawataka, waje na vigoda.

Kwetu hatukuwangoja. Mama alidai jembe lake, tukampa kijembe kidogo, na mwanzoni aliinuka kwenye kigoda huku ameshika meza, mara tatu asubuhi, mara tatu jioni. Kaka mkubwa mpaka leo hapendi. Njia ya chooni tumeweka ngazi za mawe na mti wa kushika. Mwezi uliopita alianguka tena, kwenye maharage, akainuka mwenyewe, na hakutuambia. Tumesikia kwa jirani.

Jumamosi nilimsimulia wale wazee wa Boston. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hivyo vyuma walikuwa wanavipeleka wapi?"

Nikamwambia hakuna mahali, wanaviinua na kuvirudisha palepale. Alicheka mpaka akashika ukuta.