Baiskeli ya mtumba: rangi isikudanganye

Safari hii maswali ya baiskeli yamezidi ya pikipiki, nami sina malalamiko. Yanayofanana nimeyaweka pamoja. Ya bei nimeyaacha yote, maana bei ya mtumba hapa Malindi hutegemea kinywa cha muuzaji na uso wa mnunuzi.

Fundi, nimeoneshwa baiskeli ya chuma, imepakwa rangi mpya nyekundu, inang'aa kweli. Natafuta ya kubebea maji. Nitajuaje kama fremu haina ufa? (Muuza maji, Maweni)

Ndugu yangu, hiyo rangi mpya ndiyo ingenitia wasiwasi kwanza. Mtu hanunui kopo la rangi kwa ajili ya baiskeli anayoiuza ila ana sababu. Huenda anaficha kutu tu, huenda anaficha kiraka cha kuchomelea. Mulize kwa nini ameipaka, mwache aeleze, kisha inama utazame mwenyewe. Mimi nikipewa kuchagua, huchukua ile chakavu yenye rangi yake ya kiwandani, makovu yote yakionekana.

Futa vumbi na grisi kwa kitambaa. Itazame asubuhi au jioni, jua likiwa upande. Jua la saa sita hupiga kutoka juu na kuficha mikunjo yote. Anzia kwenye bomba la mshazari, lile linaloshuka kutoka shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu, hadi kwenye pedeli. Pitisha kidole upande wake wa chini, vidole vinne hivi nyuma ya shingo. Baiskeli ikigonga ukuta, gurudumu la mbele husukumwa nyuma na bomba hujikunja papo hapo. Ukihisi katuta kadogo, au rangi imepasuka kwa mistari ya kukata bomba, basi ilishagonga kitu, hata wakuapie. Hapo tazama na foko, ule uma ulioshika gurudumu la mbele, kwa ubavuni. Mstari wa shingo unatakiwa uendelee moja kwa moja ndani ya miguu ya foko kabla haijapinda kwenda mbele. Miguu ikiwa imerudi nyuma, foko hiyo itupwe, na fremu yake uishuku.

Sasa sehemu zinazokuhusu wewe hasa. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji kabla hujapanda, na karibu uzito wote umekaa nyuma. Kwa hiyo kagua pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa, pale bolti za keria zinapofungwa, na mabomba mawili membamba ya nyuma yanapoungana na ekseli ya pedeli, hasa upande wa cheni. Pindua baiskeli, magurudumu yaangalie juu, utapaona vizuri. Kama una sumaku ya spika kuukuu, ipitishe juu ya mabomba. Ikishika kwa nguvu huku na kulegea pale, chini ya rangi kuna pati, ule udongo wa kuzibia mashimo na mabonde.

Nimeona mstari mwembamba karibu na shingo. Muuzaji asema ni rangi tu imechanika. Ni kweli? (Barani)

Inawezekana. Rangi huchanika yenyewe kwa jua na uzee. Lakini mstari wenye wekundu wa kutu ndani yake, ulio pembeni kabisa mwa kiungo, mimi huuhesabu kuwa ufa mpaka uthibitishwe vingine.

Uthibitisho ni wa bei ya mafuta ya taa na kipande cha chaki. Omba ruhusa, kwangua rangi kidogo juu ya mstari mpaka chuma kionekane. Muuzaji akikataa kukwangua sehemu ya ukubwa wa ukucha, umeshapata jibu. Pakaa mafuta ya taa, subiri robo saa, kisha futa pakauke kabisa. Saga chaki iwe unga, nyunyiza juu yake, keti uzungumze mengine. Kama ni rangi tu, chaki itabaki nyeupe. Kama ni ufa, mafuta yaliyojipenyeza ndani yatapanda kwenye unga na mstari utajichora wenyewe. Ukitikisa baiskeli kwa kushika usukani na kiti, huonekana upesi zaidi. Ila mafuta yasidondoke kwenye rimu, breki hazitashika.

Nina baiskeli nyepesi ya alumini, ina ufa chini ya kiti. Fundi wa kuchomelea yupo jirani na yuko tayari. Nimpe? (Kijana wa Watamu)

La. Na si kwa sababu fundi wako ni mbaya.

Chuma kikibeba mzigo ulio chini ya kiwango fulani, kinaweza kuubeba miaka na miaka bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila shimo la barabara huipunguzia maisha kidogo, na ikianza kupasuka haikawii kukatika. Zaidi ya hayo, alumini inayotumiwa sana kwenye fremu hupewa ugumu wake kwa joto la kupimwa kiwandani, baada ya kuungwa. Fundi akiichomelea mtaani, pembeni mwa kiungo hulainika, na huo ugumu haurudi mpaka fremu nzima ipitishwe tena kwenye tanuri maalumu. Utapewa kiungo kinene, kizuri machoni, na ufa mpya karibu nacho.

Chuma ni habari nyingine. Fremu nzito za chuma hutengenezeka, lakini ukuta wa bomba ni kama milimita 1 tu, kwa hiyo mtafute fundi anayelehemu kwa shaba na gesi. Anayezoea kuchomelea mageti kwa umeme atakutobolea bomba. Na ufa wa foko usilehemiwe, hata wa chuma. Nunua foko nyingine.

Tena, ufa wa chini ya kiti mara nyingi huletwa na mwendeshaji. Ile nguzo ya kiti ina alama ya mwisho wa kuinulia. Ukiivuta kupita alama, inakuwa wenzo wa kupasulia bomba. Baiskeli utakayonunua badala ya hii, itazame hapo.

Shikamoo fundi. Mjomba amenipa baiskeli yake, lakini inavuta upande wa kushoto. Fremu imepinda? (Mwanafunzi, Gede)

Marahaba mwanangu. Kwanza hakikisha gurudumu la nyuma limekaa katikati na tairi halisuguani na kitu, mara nyingi ni hilo tu. Kama bado, toa gurudumu la nyuma, funga uzi pale ekseli inapokaa upande wa kushoto, upitishe mbele ya shingo, urudi nao upande wa kulia, uukaze. Sasa chukua rula upime nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 1 au 2 isikusumbue. Ikizidi hapo, fremu imepinda. Ya chuma fundi mzoefu huinyoosha, ya alumini usikubali inyooshwe. Na mjomba mshukuru hata hivyo.

Mwanangu huendesha ufuoni maji yakipwa. Nje fremu ni safi, naiosha kila mara. Kuna la kuogopa? (Mama wa Shella)

Lipo, mama, na liko ndani. Maji ya chumvi huingia kwa juu kwenye bomba la kiti, yakashuka mpaka kwenye ekseli ya pedeli na kutulia hapo. Kutu ya ndani hula bomba huku rangi ya nje ikiwa nzima. Ng'oa nguzo ya kiti, mulika kwa tochi. Kisha pindua baiskeli uipigepige kwa mpini wa bisibisi. Vumbi jekundu kidogo si neno, lakini vikitoka vigamba, au bomba likibonyea ukilikandamiza kwa kidole gumba, basi fremu imekwisha. Ikiwa bado nzima, ikaushe juani imepinduliwa, mwagia mafuta ya injini ndani, uizungushe ili yaenee. Nguzo ipakwe grisi kabla ya kurudishwa, isije ikagandia.

Kuna mgeni anauza baiskeli ya kaboni kwa bei ya kutupa. Niichukue?

Usiichukue. Kaboni inaweza kuvunjika ndani na nje isionyeshe kitu. Wengine huigonga kwa sarafu wakisikiliza sauti iliyofifia, lakini sikio lisilozoea halitambui.

Namba ya fremu, ile ya chini penye ekseli ya pedeli, imekwanguliwa. Ina maana gani?

Kwamba huenda baiskeli ina mwenyewe, na anaitafuta. Kupokea mali ya wizi ni kosa, hata ukiwa umelipa. Hata kwenye baiskeli yenye namba, andikianeni karatasi ya mauziano yenye hiyo namba, jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, na shahidi mmoja.