Breki ya nyuma inapojifunga yenyewe

Mama niliyembeba kwa pikipiki kutoka Kadutu, hapa Bukavu, ndiye aliyenusa kwanza. "Papa motari, kuko kitu kinaungua." Nikadhani ni takataka za kando ya barabara. Tulipofika chini mjini nikashuka, nikasogeza kiganja karibu na diski ya nyuma bila kuigusa, joto likanipiga kama la mbabula, jiko la makaa. Kanyagio lilikuwa gumu kama jiwe, na nilipoisukuma pikipiki, gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka. Baada ya nusu saa hivi likalegea lenyewe.

Kule kulegea ndiko kulikonipotezea pesa. Kila nilipoipeleka kwa fundi asubuhi, breki ilikuwa imepoa na hakuona kasoro yoyote. Nikabadilisha plaketi, vile vibao vinavyobana diski, mara mbili, nazo zote zikaungua.

Ndugu zangu motari wa Bukavu, pikipiki nyingi tunazoendesha zina breki ya ngoma nyuma. Pale, kanyagio likishuka, unakaza nati kwenye fimbo na kazi imekwisha. Mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza kwenye diski. Nilikuwa nimeomba kanyagio lipandishwe kidogo kwa sababu ya buti zangu za mvua, na fimbo inayosukuma pampu ya breki ikarefushwa. Ndani ya pampu ile kuna tundu dogo sana. Ukiachia kanyagio, pistoni inarudi nyuma, tundu linafunguka, na mafuta ya breki yaliyotanuka kwa joto yanapanda kwenye kikopo chake. Fimbo ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi hadi mwisho na tundu linabaki limezibwa. Mafuta yanapata moto, yanatanuka, yanakosa pa kwenda, basi yanasukuma plaketi. Plaketi zinasugua diski, joto linazidi, mafuta yanatanuka tena. Breki inajikanyaga yenyewe.

Kwa hiyo anza na kanyagio. Libonyeze kwa kidole: lazima lichezecheze kidogo kabla ya kugusa pampu. Kama halichezi, legeza nati ya kufungia, fupisha fimbo mpaka uusikie mchezo huo, kisha kaza. Kwangu ilichukua dakika kumi. Angalia pia kama swichi ya taa ya breki au kiegemeo cha mguu kilichopinda hakizuii kanyagio kurudi.

Kama tatizo linaendelea, kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu halidanganyi, ila ulifanye breki ikiwa bado imejifunga. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, acha diski ipungue moto usije ukaungua, vika mrija mwembamba wa mpira kwenye nipeli (skrubu ndogo ya kutolea mafuta) ya kalipa, ile sehemu inayoshika plaketi na kuzibana kwenye diski, uelekeze kwenye chupa, kisha fungua nipeli kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, shinikizo lilikuwa limenaswa: tafuta kwenye pampu, au kwenye bomba la breki lililovimba kwa ndani. Gurudumu likibaki limeshikwa, ubaya uko kwenye kalipa yenyewe. Funga nipeli kabla hujaachia mpira, na futa tone lolote haraka, mafuta hayo yanakula rangi.

Kwenye kalipa, adui yetu ni tope. Zile pini ambazo kalipa inateleza juu yake zinakauka na kushika kutu, upande mmoja wa plaketi unakwisha huku mwingine ukiwa mzima. Zitoe, zisafishe, zipake grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi ya mnyororo usiitie humo, inavimbisha mipira.

Baada ya joto kama lile, badilisha mafuta. DOT 4 mpya, aina ya mafuta ya breki, inachemka kuanzia 230°C, lakini inavuta unyevu wa hewa, na ikishazeeka na maji ndani kiwango cha chini cha kuchemka kinachokubaliwa ni 155°C tu. Yakichemka, kanyagio linazama hadi chini na huna breki, na mteremko bado uko mbele yako, na mteja mgongoni.

Mteremkoni shika gia ya pili, acha injini ikushike, na toa mguu kabisa juu ya kanyagio usipokuwa unalihitaji. Na diski ikishakuwa moto, tafadhali usiimwagie maji ya mfereji wa barabarani, itapinda. Mwombe mteja samahani, msubiri pamoja kivulini mpaka ipoe.