Jibu: 3.446 kwa nafasi moja ya desimali ni 3.4, siyo 3.5

Dada, mwalimu hakumwonea mwanao. Umeuliza kwa nini amekoseshwa wakati 46 inakaribia 50. Nimeitazama picha ya daftari uliyoweka: kaandika 3.446, chini yake 3.45, halafu 3.5. Kakadiria mara mbili, na hapo ndipo alipoteleza. Ukitakiwa nafasi moja ya desimali, angalia tarakimu inayofuata tu. Hapa ni 4, iko chini ya 5, basi unaacha 3.4. Ile 6 ya mwisho haina kauli. Na ukipima, 3.446 iko mbali na 3.5 kwa 0.054, na mbali na 3.4 kwa 0.046 tu.

Wanangu huwa nawakazania jambo moja: usikadirie katikati ya hesabu. Chumba cha mita 3.46 kwa 2.47 kina eneo la mita za mraba 8.5462, yaani 8.5. Ukianza na 3.5 mara 2.5 unapata 8.75, ukikadiria tena inakuwa 8.8. Kosa limezaliwa hapo.

Ila mwambie mapema, asije akachanganyikiwa: dukani Kariakoo kanuni hii haitoshi. Kama boksi moja la vigae linafunika mita 2 za mraba, chumba hicho kinahitaji maboksi 4.27. Daftarini utaandika 4. Fundi atakwambia nunua 5, naye yuko sahihi, maana kwa 4 kona moja itabaki saruji tupu.