Linki 500 kwa Bei ya Kutupa: Maswali Yenu Kuhusu Google na Matangazo ya Mitandaoni

SWALI: Ndugu mhariri, kuna mtu ananiandikia kila wiki akiniahidi linki 500 kutoka tovuti zenye "DA zaidi ya 60". Anasema duka langu la mtandaoni litakaa ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya mwezi mmoja. Nimeshanunua kifurushi cha linki 50 kumjaribu. Niendelee? Na hizo 50 nizifanyeje?

JIBU: Usiendelee. Na hizo 50 usikimbilie kuzikana, yaani kuiomba Google isizihesabu, kabla hujasoma jibu hili hadi mwisho.

Tuanze na hiyo DA. Ni kifupi cha Domain Authority, alama ya 1 hadi 100 iliyobuniwa na Moz, kampuni inayouza zana za kuchambua tovuti, kwa ajili ya kukisia nguvu ya tovuti. Google haiitumii kupanga matokeo. Kwa kuwa alama yenyewe inatokana na linki, muuzaji anaweza kuipandisha kwa kuzielekezea tovuti zake linki za hovyo. Ukikuta tovuti ina DA 60 lakini hakuna anayeifikia kwa kutafuta kitu Google, jua alama imepikwa.

Linki ina thamani, hilo halina ubishi. Larry Page na Sergey Brin walipobuni PageRank, hesabu ya kupanga kurasa iliyoizaa Google, katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1990, waliihesabu kila linki kuwa kura. Kura ya ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi ikawa nzito zaidi, na uzito huo ukagawanywa kwa linki zote zinazotoka kwenye ukurasa huo. Kwa hesabu hiyo tu, ukurasa wenye linki 300 za kwenda kwa kila aliyelipa unakugawia makombo, hata kama usingekuwa na kosa lingine.

Kura zikaanza kununuliwa, na Aprili 2012 Google ikaleta Penguin, kanuni iliyozishusha tovuti zilizojaza linki za namna hiyo. Tangu Septemba 2016 Penguin imekuwa sehemu ya mfumo mkuu, na mara nyingi sasa haiishushi tovuti nzima bali huzipuuza linki zenyewe. Hapo ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji atakuletea orodha ya linki 500 zilizo hai, utazibofya moja moja na kukuta kweli ziko hai. Kwamba hakuna iliyohesabiwa, hilo hakuna atakayekuambia.

Lenye madhara zaidi ni adhabu ya mkaguzi wa Google, binadamu, anayeamua kwamba tovuti yako inanunua linki. Fungua Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, ingia sehemu inayoorodhesha adhabu za wakaguzi. Ikiwa tupu, acha hizo 50 zilivyo, tafuta kazi nyingine ya kufanya. Pitia tu ripoti ya linki uangalie maneno yaliyozibeba, yaani yale yanayobofywa. Watu wanaokuunganisha kwa hiari yao hutumia jina la biashara, anwani tupu au neno kama "hapa". Ukiona nyingi zimebeba maneno ya kuuzia, kwa mfano "nunua viatu vya bei nafuu", hizo ndizo zinazokuchongea, na kifurushi kingine cha aina hiyo kitazidisha tu.

Kama adhabu ipo, kazi ina mpangilio wake. Kwanza waandikie wenye tovuti waziondoe, na uhifadhi barua hizo, maana ni ushahidi. Zilizobaki ziingize kwenye faili ya kukana linki: maandishi matupu, mwisho wa jina ni .txt, usimbaji ni UTF-8, mstari mmoja kwa kila anwani. Ukitaka kukana tovuti nzima, andika domain: kisha jina la tovuti. Mstari unaoanza na alama ya # ni maelezo yako binafsi, Google huuruka. Ukomo ni mistari 100,000 au megabaiti 2. Faili mpya hufuta ya zamani yote, kwa hiyo anayepakia mistari mipya peke yake amejifutia kazi ya mwanzo. Baada ya hapo omba tovuti ikaguliwe upya, ukisema wazi ulinunua nini na umefuta nini. Barua ya kujitetea kwamba "hatujui linki hizi zimetoka wapi", huku maneno ya kuuzia yamejaa, haisaidii.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko adhabu zenyewe ni mtu asiye na tatizo lolote kukana linki kwa sababu zana fulani imezipaka rangi nyekundu na kuziita "sumu". Humo zimo linki nzuri. Akishazikana, anaanza kuuliza kwa nini ameshuka.

SWALI: Je, nikimlipa mwenye tovuti inayosomwa kweli aandike kuhusu bidhaa yangu, nayo ni kosa? Na linki za Facebook au Instagram zinahesabika?

JIBU: Kulipia tangazo si kosa. Kosa ni kulifanya tangazo lionekane kura. Linki hiyo iwekewe rel="sponsored" kwenye msimbo (code) wa ukurasa, nawe umebaki salama. Alama hiyo ilikuja Septemba 2019 pamoja na rel="ugc" ya linki zinazowekwa na wachangiaji. Kabla yake ilikuwepo rel="nofollow" ya mwaka 2005, ambayo bado inakubalika. Tangu alama hizo mpya zije, Google inazichukulia zote tatu kuwa dokezo, si amri.

Linki za mitandao ya kijamii kwa kawaida zina nofollow, hivyo chapisho lililosambazwa mara 1,000 si kura 1,000. Faida yake ni macho: kati ya waliolisoma anaweza kuwamo mwenye tovuti yake, akaamua kukutaja huko.

SWALI: Tulihamia tovuti mpya miezi miwili iliyopita, anwani za kurasa nyingi zikabadilika. Wageni kutoka Google wamepungua sana. Fundi anasema "Google itazoea". Itazoea kweli?

JIBU: Itazoea kwamba kurasa zenu hazipo tena. Mlichoacha nyuma ni linki mlizozipata kwa miaka, zote zinazoelekea kwenye anwani zilizokufa. Kabla ya kutafuta hata linki moja mpya, rudisheni hizo. Hakuna linki rahisi kupata kuliko ile ambayo tayari ni yako.

Anzeni na orodha ya anwani za zamani. Zipo kwenye ripoti ya linki ya Search Console, kwenye ramani ya tovuti ya zamani kama nakala ipo, na kwenye kumbukumbu za seva, ambako kila ombi lililojibiwa 404, yaani "ukurasa haupo", limeandikwa. Msichelewe, kwa sababu ripoti ya utendaji ya Search Console, ambayo nayo huonyesha anwani za zamani, hutunza miezi 16 tu. Tengenezeni jedwali la safu mbili: anwani ya zamani, anwani mpya inayojibu hitaji lile lile. Hii ni kazi ya mtu anayezijua bidhaa, si ya fundi peke yake.

Kisha kila mstari wa jedwali uwe uelekezaji, yaani amri ya kumhamishia mgeni kwenye anwani mpya, wa aina ya 301, ule wa kudumu. Mafundi wengi huacha 302, ya muda, kwa sababu ndiyo inayokuja yenyewe kwenye programu fulani. Msielekeze kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo: kwa mfano, aliyekuwa akitafuta maelezo ya pampu akatupwa mlangoni ataondoka, na Google huuhesabu uelekezaji kama huo sawa na ukurasa usiopatikana. Kama pampu hiyo hamuiuzi tena na hakuna inayofanana nayo, acheni 404 iseme ukweli.

Uelekezaji uwe wa hatua moja. Tovuti iliyohamishwa mara tatu huwa na mnyororo: ya kwanza inapeleka ya pili, ya pili inapeleka ya tatu. Roboti wa Google, programu inayozunguka kusoma kurasa, hufuata hadi hatua 10, lakini kila hatua huongeza muda wa kusubiri na sehemu ya kukatikia. Jaribuni kwa amri ya curl -I ikifuatiwa na anwani, kwenye dirisha la amri la kompyuta. Mstari wa kwanza utaonyesha namba ya jibu, na chini yake ni mahali inapopelekwa. Jaribuni pia http na https, yenye www na isiyo nayo. Zote nne ziishie kwenye anwani moja.

Kama uelekezaji uko sawa na bado hali ni ile ile, mshukiwa wetu ni mabaki ya siku za ujenzi. Wakati tovuti mpya inatengenezwa, fundi huizuia isionekane, kisha siku ya uzinduzi anasahau. Angalieni robots.txt, faili ya maagizo kwa roboti, kama ina "Disallow: /", na msimbo wa kurasa kama una neno noindex. Hivi viwili si kitu kimoja: robots.txt humzuia roboti asiingie kusoma, noindex humwambia asiuweke ukurasa kwenye matokeo. Ukiweka vyote viwili, roboti hataingia, hivyo hataiona noindex, na anwani inaweza kubaki kwenye matokeo ikiwa haina maelezo.

Uelekezaji uacheni angalau mwaka mmoja. Sisi tungesema msiuondoe kabisa, maana tovuti iliyowaunganisha miaka mitano iliyopita haina sababu ya kwenda kubadilisha linki yake leo.

SWALI: Naendesha tangazo la Facebook kwa bajeti ndogo, makundi sita ya walengwa. Kila asubuhi narekebisha kulingana na matokeo ya jana, lakini gharama ya kila mauzo inapanda. Nakosea wapi?

JIBU: Kwenye kile "kila asubuhi". Kila kundi la matangazo hupitia kipindi cha kujifunza, na Meta, kampuni mama ya Facebook, inahitaji takriban matukio 50 unayoyalenga, kama vile mauzo, ndani ya siku 7 ili kipindi hicho kiishe. Ukibadilisha walengwa, picha, tukio unalolenga, au ukiongeza tangazo jipya ndani ya kundi, hesabu inaanza upya. Wewe umekuwa ukifukua mbegu kila siku kuona kama imeota. Mabadiliko madogo ya bajeti hayarudishi hesabu nyuma. Makubwa huweza kuirudisha.

Sasa piga hesabu. Gharama ya mauzo moja zidisha kwa 50, gawanya kwa 7. Ikiwa mauzo moja hukugharimu dola 7, kundi moja linataka dola 50 kwa siku. Makundi sita ni dola 300. Kama huna hizo, unganisha makundi, baki na moja au mawili. Tena makundi yanayogongana walengwa hayakusaidii: kwenye mnada unaoamua tangazo la nani lionyeshwe, Meta huingiza lako moja tu kati ya hayo, mengine yanakosa nafasi na hayajifunzi.

Hata kwa kundi moja mauzo yakiwa machache mno, lenga tukio la hatua ya nyuma, kwa mfano kuweka bidhaa kwenye kikapu. Usirudi nyuma hadi kwenye kubofya. Mfumo hukupa hasa ulichoomba, na ukiomba wabofyaji utaletewa watu wenye tabia ya kubofya.

Mnada nao hautazami dau peke yake. Dau huzidishwa kwa makadirio ya uwezekano wa mtu kufanya unachotaka, kisha huongezwa ubora wa tangazo. Kwa hiyo picha mbovu unailipia. Gharama ikipanda wakati hujagusa kitu, gawanya idadi ya maonyesho kwa idadi ya watu waliofikiwa. Namba ikizidi kukua wiki hadi wiki huku mibofyo ikishuka, watu wale wale wamelichoka tangazo.

SWALI: Facebook inasema mauzo 40, Google Analytics inasema 22, dukani nina oda 31. Nimwamini nani?

JIBU: Oda za dukani. Facebook na Google Analytics, zana ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, hawahesabu kitu kimoja. Kwa mpangilio wa kawaida, Meta hujipa mauzo ya mtu aliyebofya tangazo ndani ya siku 7, au aliyeliona tu bila kubofya ndani ya siku 1, na huyaandika kwenye siku ya tangazo, si siku ya malipo. Analytics haimjui aliyeliona tu, na mtu akibofya kwenye simu kisha akanunua kwenye kompyuta inaweza kumkosa. Tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021, watumiaji wa iPhone huulizwa kama wanakubali programu iwafuatilie, na sehemu ya namba za Meta ni makadirio.

Lakini 40 dhidi ya 31 haielezwi na hayo peke yake, kwa kuwa hata jumla ya oda zako haifiki 40. Tunashuku kuhesabiwa mara mbili: pikseli (kipande cha msimbo wa Meta) iliyo kwenye ukurasa na seva yako vyote vinatuma taarifa ya ununuzi ule ule. Ruksa kufanya hivyo, mradi taarifa zote mbili zibebe event_id moja, yaani kitambulisho cha tukio, ili Meta itambue ni tukio moja. Hakikisha pia kwamba ukurasa wa "asante" hautumi taarifa upya mteja anapoufungua tena.

Upande wa Analytics, tazama alama za UTM kwenye anwani ya tangazo, yaani maneno yanayoongezwa baada ya alama ya kuuliza kueleza mgeni ametoka wapi. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti, hivyo Facebook na facebook huwa vyanzo viwili. Alama ya utm_medium, inayotaja aina ya njia, iwe paid_social. Ukiandika neno lako mwenyewe, Analytics haitaliweka kwenye fungu la matangazo ya kulipia. Usiweke UTM kwenye linki za ndani ya tovuti yako, utavuruga chanzo halisi cha mgeni. Mwisho, bofya tangazo lako mwenyewe na utazame anwani iliyofunguka. Kama kuna uelekezaji wa 301 njiani uliokata alama ya kuuliza na yote yanayofuata, mauzo hayo Analytics itayaandika kwa jina la mwingine.