Kutumwa mahali ambapo lugha yako inasemwa: siku zangu za kwanza Lubumbashi

Katika miezi hii ya karibuni vijana watatu wanaojiandaa kwenda utumishi wa kanisa nje ya nchi wameniuliza jambo lile lile, yaani siku za kwanza ugenini zinakuwaje na mtu ajiandae vipi. Niliwajibu kila mmoja kwa simu, lakini jibu langu lilikuwa fupi mno kwa uzito wa swali, kwa hiyo ninaliandika hapa kwa kirefu, nikitumaini kwamba litamfaa na mwingine ambaye bado hajapata wa kumuuliza.

Mimi nilitumwa Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo (DRC), nikiwa na umri wa miaka 24, nikitokea Kahama, na nilikaa huko miaka miwili. Walionituma walinichagua kwa sababu ya lugha. Waliniambia kwamba mwenzangu aliyekuwa akipelekwa mahali pa Kifaransa na Kireno atahitaji mwaka mzima wa kujifunza kusema, lakini mimi ninakwenda kwa watu wa Kiswahili, kwa hiyo nifike na kuanza kazi. Niliamini hivyo kwa moyo wote. Leo ninaona kwamba hilo ndilo lililoniponza kuliko baridi, kuliko malaria, kuliko upweke, na ndilo ninalotaka kulisema kabla ya mengine yote: ukipelekwa mahali ambapo lugha yako inasemwa, jihesabu kuwa huijui.

Nilisafiri kwa basi kupitia Tunduma, nikaivuka Zambia hadi Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ambako malori yanayoleta shaba bandarini Dar es Salaam husimama katika foleni ambayo macho hayafiki mwisho wake. Mpakani nilidaiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nami nilikuwa nayo. Hakikisha unayo mkononi, usiizike chini ya begi. Afisa alianza kwa Kifaransa, akaona nimeduwaa, akahamia Kiswahili. Nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumbani kwao. Hapo nikaacha kusikiliza kwa makini, kwa sababu nilidhani ninaelewa.

Siku iliyofuata nilipelekwa kumsalimu mzee wa kanisa. Niliambiwa kwamba anaishi Kenya, nikashangaa mzee wa hapa anaishije nchi nyingine, kumbe Kenya ni jina la mojawapo ya wilaya za mji ule, kama zilivyo Katuba na Kamalondo. Nilipomfikia niliinama na kusema shikamoo. Mzee akanitazama kwa upole akisubiri niendelee, kwa kuwa neno hilo halina kazi kule. Salamu yao ni jambo. Sisi tuliolelewa Tanzania tumezoea kusikia jambo likisemwa na watalii, na kumtamkia mzee neno hilo kulinipa shida ya kweli; niliona kama ninamvunjia heshima mtu wa umri wa babu yangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba heshima yao imo katika jinsi ya kutoa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika mkono huo, katika kumwita mtu papa, yaani baba, au mama kabla ya kusema haja yako, na katika kutokuwa na haraka ya kufika kwenye haja hiyo. Wazee nao walikuwa wakiniita mimi papa, kijana mdogo kama nilivyokuwa, na hilo pia ni upendo ambao mgeni asiyejua anaweza kulipita.

Sasa nieleze jambo ambalo bado linaniuma.

Siku ya nne mama mmoja wa kanisa, mjane anayeuza mboga sokoni, aliniita nyumbani kwake nile chakula cha jioni. Nilipoketi alikuja na maji ya kunawa, akasema kwa sauti ya chini, “Papa, leo tuko na paka bukari na lenga-lenga.” Bukari nilikwisha kujifunza kwamba ni ugali, na lenga-lenga nilijua ni mchicha. Neno nililolisikia likalia kichwani ni paka. Niliona kwamba nimeandaliwa nyama ya paka. Nilishikwa na hofu, na badala ya kuuliza, nikasema kwamba nimeshiba, kwamba nilikula mchana sana, kwamba ninashukuru. Sikugusa chochote. Nilikunywa maji, nikaomba, nikaondoka.

Katika Kiswahili cha Katanga, yaani eneo ambamo Lubumbashi imo, paka maana yake ni tu, basi, peke yake. Mama yule alikuwa akiniomba radhi. Alikuwa akisema kwamba leo hana nyama wala samaki wa kumpa mgeni, ana ugali na mchicha tu. Aliniomba radhi kwa umaskini wa meza yake, nami nikamjibu kwa kuikataa meza hiyo. Aliyenieleza ni kijana tuliyekuwa tukiishi naye, siku tano baadaye, na muda wote huo mama yule aliamini kwamba mtumishi kutoka Tanzania amedharau chakula kisicho na nyama. Ugeni wa lugha usiyoijua hukulazimisha kuuliza. Lugha inayofanana na yako hukupa maana ya uongo na kukuacha ukiwa na uhakika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo na ni mgumu: kila neno linalokushtua, uliza papo hapo, hata kama umeshika kijiko. Hakuna aliyenicheka nilipoanza kuuliza. Nilinunua daftari la shule, nikawa ninaandika kila neno pamoja na sentensi nzima niliyolisikia ndani yake, kwa kuwa neno peke yake hudanganya.

Ushauri wa pili unahusu kusahihisha. Juma la pili tulikuwa na maombi ya vijana, na kijana mmoja mwenye haya nyingi alisimama akasema, “Tulombe.” Baada ya ibada nilimvuta pembeni, nikamweleza kwa nia njema kwamba neno sahihi ni tuombe. Majuma matatu yaliyofuata hakuomba kwa sauti. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu kinywa chake mbele za Mungu kwa ajili ya herufi moja. Na hata katika herufi hiyo sikuwa na haki. Wabemba husema lomba, Waluba husema lomba, na bibi yangu mwenyewe kule nyumbani, akisema Kinyamwezi, husema kulomba. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoidondosha ile l zamani, Katanga imeishika. Nilikuwa nimesafiri siku nyingi kwenda kumkosoa mtu kwa neno la bibi yangu.

Ningejua historia kidogo nisingefanya hivyo, na ndiyo maana ninamsihi kila anayetumwa asome habari za mahali anapokwenda kabla hajasoma maelekezo ya kazi. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa sababu ya shaba. Watu waliletwa migodini kutoka kila upande, wengine kutoka Zambia ya leo, wengine Kasai, wengine Rwanda na Burundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi ambayo ilibidi iwatoshe wote. Kilikulia kwenye migodi na kwenye kambi za wafanyakazi, na kila kabila liliweka kitu chake ndani. Mtu anayekiita Kiswahili kibovu anahukumu kitu ambacho hakujua kilivyozaliwa. Wenyewe huita Kiswahili cha vitabu “Kiswahili bora”, na mgeni kama mimi husikia sifa hiyo akavimba kichwa.

Tena kabla ya mji huo kuwepo, watu wa kwetu walikuwa wamekwisha kufika. Msiri, aliyetawala ufalme wa Garanganze huko Katanga kutoka mji wake wa Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, asili yake ilikuwa Usumbwa, si mbali na Kahama, na watu wake, Bayeke, wako Katanga mpaka leo. Mzee yule wa Kenya ndiye aliyenikumbusha hayo, akisema kwamba mimi si Mnyamwezi wa kwanza kuja huku, na wa kwanza walikuja na biashara, sijui mimi nimekuja na nini. Mwaka 1886 alifika kwa Msiri mmisionari kijana kutoka Uskoti, Frederick Stanley Arnot, mwenye miaka 27, akapokewa na mfalme ambaye yeye mwenyewe alikuwa mhamiaji. Ninaipenda habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba mgeni hakaribishwi na ardhi, anakaribishwa na watu, na watu hao nao walikuwa na siku yao ya kwanza.

Jumapili yangu ya kwanza nilipewa mahubiri. Walinisifu sana baadaye, na ilikuwa lazima mwezi upite ndipo dada mmoja akaniambia kwamba mama wazee walisikia sauti nzuri lakini mambo yenyewe hawakuyasikia. Kama viongozi wako wataniruhusu kusema, waombe wasikupe mimbari majuma manne ya mwanzo. Ufagie kanisa, ubebe viti, ukae nyuma ambako akina mama wenye watoto hukaa, na usikilize jinsi wanavyomwambia mtoto anyamaze, kwa sababu hapo ndipo lugha ilipo.

Mengine nitayapita upesi. Juni na Julai usiku ni wa baridi kali kwa mtu wa Kahama na vumbi jekundu huingia kila mahali, kwa hiyo chukua sweta. Dola hutumika pamoja na franka, lakini noti yenye mchano mdogo itakataliwa, basi ikague kabla hujaipokea. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na wengi niliokutana nao huitaja kwa Kifaransa wakihesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa yao ya kumi asubuhi kwetu ingekuwa saa tano. Nilikosa kikao kimoja kwa sababu hiyo. Kuhusu simu, chagua siku moja ya juma ya kuzungumza na nyumbani na uishike. Mimi juma la kwanza nilipiga kila usiku, na kila asubuhi niliamka nikiwa bado Kahama.

Kwa yule mama nilirudi juma la tatu. Nilikwenda na kilo moja ya sukari, nikamweleza ukweli wote, pamoja na ile hofu yangu, pasipo kujitetea. Alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akarudi na ndoo ndogo, akaniambia nikae karibu na mbabula, yaani jiko la mkaa, nimshikie mwiko wakati anaongeza unga. Jioni ile hakuomba radhi kwa chakula. Tulikula bukari na lenga-lenga, na alipoona nimemaliza aliniongezea bila kuniuliza.